Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: viumbe wanavyojenga na kubomoa molekuli kubwa

Ninafundisha baiolojia hapa Kigoma, na jioni nina wanafunzi wa tuisheni pale Mwanga. Maswali haya mengine yametoka kwao. Mengine nimeulizwa na akina mama wa mwalo wa Kibirizi na wakamuaji wa mawese, watu wasio na mtihani wowote mbele yao ila wanataka kujua kwa nini mali yao inaharibika. Kusema kweli maswali yao ndiyo magumu zaidi. Nimeyaweka kwa jinsi yanavyonijia, silabasi nimeiacha darasani.

Molekuli kubwa ni zipi, na ukubwa wake ni wa namna gani?

Wanga, protini, na asidi nukleiki, yaani DNA na RNA. Mafuta huwekwa kundi moja nazo, nitasema hapa chini kwa nini yana kasoro.

Chukua tasbihi. Shanga zote zikiwa za aina moja, sukari ndogo iitwayo glukosi tupu, hiyo ni wanga. Shanga zikiwa za rangi 20, zimepangwa kwa utaratibu ambao ukiukosea tasbihi nzima haina kazi, hiyo ni protini, na shanga zake huitwa asidi amino. Rangi zikiwa nne tu lakini tasbihi ikawa ndefu ajabu, hiyo ni DNA. Nakala moja ya maelekezo ya kumjenga binadamu ina jozi za shanga kama bilioni tatu, na karibu kila seli yako imebeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama.

Mafuta si tasbihi. Ni kama uma wa meno matatu: mpini ni gliserini, na kila jino ni asidi ya mafuta. Hayaongezeki urefu bila kikomo kama wenzake. Yamo kundini kwa sababu hufungwa na kufunguliwa kwa njia ileile.

Njia gani hiyo?

Maji. Nampa kila mwanafunzi hesabu hii kabla sijamweleza lolote. Glukosi moja ina uzito wa 180. Ukiunganisha mbili unapata sukari iitwayo maltosi. 180 na 180 ni 360, lakini maltosi ina uzito wa 342. Zile 18 zimekwenda wapi?

Wengi husema zimepotea, au kitabu kimekosea. Kisha mmoja hukumbuka uzito wa molekuli ya maji: haidrojeni mbili na oksijeni moja, 18 kamili. Ili shanga mbili zishikane, moja hutoa kipande, nyingine hutoa kipande, na vipande hivyo viwili huwa maji. Mnyororo wa glukosi 1,000 umetoa maji mara 999. Uma wa mafuta umetoa mara tatu, mara moja kwa kila jino.

Kubomoa ni kurudisha maji yale yale pale yalipotoka. Kila kifungo kinachofunguliwa kinameza molekuli moja ya maji. Vitabuni huitwa haidrolisisi, na utaikuta chini ya karibu kila jibu linalofuata.

Kama maji yanabomoa, mbona mtu akiogelea ziwani hayeyuki?

Swali hili niliulizwa na mtoto wa kidato cha pili na darasa likamcheka. Lilikuwa swali bora kuliko yote ya wiki ile.

Maji peke yake ni mvivu. Kifungo kati ya asidi amino mbili, kikiachwa kwenye maji safi ya joto la kawaida, huchukua mamia ya miaka kufunguka. Kinachofupisha muda huo hadi sehemu ndogo ya sekunde ni vimeng'enya. Kimeng'enya nacho ni protini, yenye shimo lenye umbo la kile inachokivunja, kama ufunguo na kufuli. Kimeng'enya cha mate kinaitwa amilesi na kinafungua wanga. Pepsini ya tumboni inafungua protini, tena inataka ukali wa asidi ambao ungeiharibu amilesi. Lipesi ya kongosho inafungua mafuta baada ya nyongo kuyapasua kuwa matone madogo. Kila mmoja na kazi yake, hakuna anayeingilia ya mwenzake.

Ukitaka kuionja kazi hiyo, tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha dakika mbili tatu bila kumeza. Utamu unaokuja polepole ni wanga unaobomoka mdomoni mwako.

Jaribio lako la vizibo lilikwama kwa nini?

Bado naulizwa, na miaka imepita. Haya, niseme.

Nilitaka kuwaonyesha wanafunzi mate yakibomoa wanga, na hatukuwa na maabara. Nilikusanya vizibo vya soda, nikapika uji mwepesi wa muhogo, nikanunua iodini ya kupaka vidonda. Iodini ikigusa wanga hugeuka bluu iliyokolea karibu na weusi. Ukiweka na mate, baada ya dakika chache weusi hupotea kwa sababu wanga haupo tena. Wanafunzi arobaini na kitu walikuwa wamezunguka meza. Nikachanganya mate kwenye uji, tukasubiri dakika tano, kumi, nikadondosha iodini. Vizibo vyote vikawa vyeusi tii. Mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, labda mate yako yamezeeka."

Kosa lilikuwa langu. Uji niliutoa jikoni ukiwa bado unafuka moshi. Kimeng'enya ni uzi uliokunjwa kwa umbo maalumu, na joto kali hukunjua ule uzi. Shimo likipotea, kazi imekwisha, na hata uji ukipoa baadaye hakirudi. Siku iliyofuata tulirudia kwa uji uliopoa na ukafanya kama ulivyotakiwa, ila hakuna anayeikumbuka siku hiyo ya pili.

Kwa nini chikichi zichemshwe mapema kabla ya kukamua mawese?

Kwa sababu hiyohiyo ya uji wa moto, safari hii kwa faida yako. Nyama ya chikichi imebeba mafuta na imebeba lipesi yake yenyewe, kila kimoja chumba chake. Mkungu ukiangushwa chini, ukapondeka, ukarundikwa siku kadhaa ili chikichi ziachie zenyewe, kuta za vyumba hivyo zinapasuka na viwili vinakutana. Lipesi inaanza kuyang'oa meno ya ule uma, kila jino kwa molekuli moja ya maji, na maji yamo tele ndani ya tunda. Asidi za mafuta zilizoachwa huru ndizo zinazokwangua koo ukionja mawese ya namna hiyo.

Moto unaua lipesi. Kwa hiyo anayechemsha chikichi zikiwa mbichi, siku ileile ya kukata, anapata mawese laini. Anayengoja wiki anakamua kwa urahisi zaidi, sikatai, lakini anauza mafuta yenye asidi. Niliwahi kununua dumu la lita 20 kwa bei nzuri ya kunitia shaka, sikuonja, nikajifariji na ule wekundu wake. Wekundu hausemi chochote kuhusu asidi. Rangi hiyo ni karotini, na inaweza kubaki iking'aa huku mafuta yamekwisha bomoka nusu. Nusu ya dumu lile niligawa kwa jirani anayetengeneza sabuni.

Naye hakupata hasara. Sabuni ni ubomoaji huohuo, ila anayebomoa ni magadi makali au maji ya majivu, na asidi za mafuta zikifunguka hushikwa na kuwa sabuni. Lipesi iliyomtangulia kwa nusu ya kazi imemsaidia.

Na kwenye muhogo mchungu, tuchemshe mapema pia?

La! Hapa ni kinyume, tafadhali sana.

Muhogo mchungu una linamarini, yaani glukosi iliyofungwa na kipande chenye sianidi. Ikiwa imefungwa imetulia. Kimeng'enya cha kuifungua kimo ndani ya muhogo huohuo, ila kimewekwa chumba kingine, kama lipesi ya chikichi. Ukiumenya, ukaukatakata, ukauloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, vyumba vinapasuka, kimeng'enya kinafungua kifungo, na sianidi inatoka, sehemu ikienda na maji na sehemu ikipeperuka kama gesi wakati wa kuanika na kusonga. Ukikimbilia kuchemsha mapande makubwa, unakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na sumu inabaki imefungwa ndani ya chakula. Utaimeza.

Kwa hiyo mama mmoja, siku moja, jiko moja: kwenye chikichi anawahi kukiua kimeng'enya, kwenye muhogo anakiachia siku tatu. Bibi zetu walijua yote mawili bila neno kimeng'enya.

Dagaa aliyenyeshewa huoza kwa haraka hivyo, kunani?

Dagaa akifa, vimeng'enya vyake havifi naye. Vile vya tumboni, vilivyokuwa vikimeng'enya chakula chake, sasa vinamgeukia mwenyewe. Mtazame dagaa aliyecheleweshwa mtumbwini mpaka jua limepanda: kwanza anapasuka tumbo, ngozi nyingine ikiwa bado inang'aa kama fedha. Hapo ndipo protini zimeanza kufunguliwa. Kisha wanakuja bakteria na vimeng'enya vyao, wanazibomoa asidi amino zenyewe, na ile harufu inayokufanya ugeuze uso ni mabaki ya kazi yao, amonia ikiwa mojawapo.

Kila hatua hapo inataka maji. Jua likiyatoa, vimeng'enya vinakwama na bakteria hawazaliani, hata kama wamo. Dagaa ana bahati ya kuwa mdogo na mwembamba, jua kali la kiangazi linammaliza kwa siku moja. Mvua za masika zikimkuta mchangani, anarudishiwa yale maji na kazi inaendelea ilipoishia. Chanja inasaidia kwa sababu upepo unapita juu na chini, na ukisikia mawingu unaifunika kwa turubai bila kukusanya dagaa mmojammoja na mchanga wake.

Chumvi nayo inafanya kazi ya jua kwa njia nyingine. Inavuta maji kutoka kwenye nyama na kuyashikilia, bakteria akiwa katikati ya maji asiyoweza kuyatumia. Samaki mnene asiyekauka upesi anataka chumvi, na Uvinza, kunakotengenezwa chumvi, iko jirani.

Tahadhari moja: dagaa mkavu anayegeuka njano na kuwa na ladha ya uchachu kwenye gunia hajaharibiwa na maji. Huo ni uharibifu wa mafuta yake kwa oksijeni ya hewa, na kumwanika tena hakutamsaidia.

Kupika yai ni kubomoa protini?

Hapana. Ni kukunjua tu. Vifungo kati ya shanga vimebaki vyote, uzi umepoteza mikunjo na kujisokota na nyuzi za jirani, ndiyo maana ute unakuwa mweupe na mgumu. Kubomoa kutafanyika tumboni, na kunakuwa rahisi kwa sababu uzi uliokunjuliwa pepsini inaufikia vizuri.

Nikila nyama ya ng'ombe, protini ya ng'ombe inakuwa yangu?

Inakuwa shanga kwanza. Tumbo na utumbo mwembamba huivunja hadi asidi amino, zinapita kwenye damu, na seli zako zinazipanga upya kwa utaratibu ulioandikwa kwenye DNA yako. Anayepanga ni ribosomu. Anasoma ujumbe wa RNA, nakala ya kipande cha DNA hiyo, herufi tatu tatu, kila tatu zikitaja shanga moja. Asidi amino kutoka kwa ng'ombe, maharage na dagaa zinaweza kukaa bega kwa bega kwenye protini moja ya nywele zako, na maumbo yake hayaonyeshi ipi ilitoka wapi.

Tisa kati ya zile 20 mwili wako hauwezi kuzitengeneza, lazima uzile. Ugali wa muhogo una protini kidogo mno, kwa hiyo mtoto anayeshiba ugali huo mtupu kila siku anaweza kushiba huku ribosomu zake zinangoja shanga ambayo haiji. Ribosomu hairuki shanga iliyokosekana. Inasimama. Konzi ya dagaa wa kusaga kwenye uji wake ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Kwa nini insulini, dawa ya kisukari, huchomwa sindano, haimezwi?

Ni protini ndogo ya asidi amino 51. Ukiimeza, tumbo halijui kwamba ni dawa. Litaifungua kama linavyofungua nyama, na kitakachofika kwenye damu ni shanga zilizotawanyika. Mpangilio wa shanga hizo ulifumbuliwa na Mwingereza Frederick Sanger, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1958. Ilikuwa protini ya kwanza kujulikana shanga moja baada ya nyingine.

Nguvu ya kujenga inatoka wapi?

Hapa nikiri kwamba hapo juu nilirahisisha. Kwenye karatasi unatoa maji, shanga zinashikana, basi. Ndani ya seli, iliyojaa maji pande zote, kutoa maji ni kama kukausha nguo mtoni. Kwa hiyo shanga huja zikiwa zimechajiwa. Asidi amino inachajiwa kwa ATP, molekuli ndogo inayobeba nguvu ndani ya seli, kabla haijakaribia ribosomu. Glukosi inavishwa kipande cha kuisukuma. Shanga za DNA huja na fosfeti tatu kila moja, na mbili zinatupwa wakati wa kushikana. Ukipiga hesabu ya mwanzo na mwisho bado unakuta yale maji yametoka, lakini yametoka kwa njia ya kuzunguka na yamelipiwa.

Malipo ni makubwa. Kuunga asidi amino moja tu kwenye mnyororo hugharimu vifungo vinne vya fosfeti vya aina ya ATP. Mtu mzima kwa siku huzungusha ATP inayokaribia uzito wake mwenyewe, ileile kidogo aliyonayo ikitumika na kuchajiwa tena na tena. Na inachajiwa kwa nguvu inayopatikana kutokana na kuunguza chakula kilichobomolewa. Mtu akikaa na njaa siku nyingi, misuli inaanza kufunguliwa ili shanga zake zitumike kwingine au ziunguzwe.

Tukifunga Ramadhani mwili unabomoa misuli?

Kwa saa za kuanzia alfajiri hadi magharibi, mwili unaanza na akiba. Ini lina glaikojeni ya gramu 100 hivi, wanga wa wanyama wenye matawi mengi, na matawi ni hila nzuri: kila ncha ni mahali pa kung'oa glukosi, kwa hiyo zinang'olewa nyingi kwa pamoja. Misuli ina glaikojeni zaidi, lakini haigawi, inaitumia yenyewe. Ya ini ikipungua, mafuta yanachukua zamu kubwa zaidi.

Ila ubomoaji wa protini unaendelea kila siku, umefunga hujafunga. Mtu mzima hubomoa na kujenga upya karibu gramu 300 za protini kwa siku, kuliko anazokula mara kadhaa. Protini iliyochakaa hutiwa alama na kupelekwa kwenye kinu cha seli. Kwa kugundua alama hiyo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Nobel ya kemia mwaka 2004. Shanga nyingi hurudi kazini. Zisizorudi huacha naitrojeni inayogeuzwa urea na kutoka na mkojo.

Ng'ombe anashiba majani, sisi kwa nini hatuwezi?

Selulosi ya majani ni glukosi tupu, kama wanga. Tofauti ni upande ambao shanga zimeshikana: kwenye selulosi kila shanga imegeuzwa kichwa chini ikilinganishwa na jirani yake, na amilesi haiwezi kuishika. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuivunja. Amewapangisha vijidudu tumboni. Mchwa wakubwa wa vichuguu vya miombo wamekwenda mbali zaidi, wanalima kuvu ndani ya kichuguu, kuvu inabomoa mabaki ya miti, nao wanakula. Uyoga mkubwa unaochipua juu ya vichuguu mvua zikianza ni shamba hilo limetoa maua. Na pale Gombe, mwaka 1960, Jane Goodall aliona sokwe akichovya kijiti kwenye kichuguu na kula mchwa walioning'inia. Mti ambao sokwe asingeweza kuumeng'enya ulimfikia ukiwa protini na mafuta.

Vinavyokufa ziwani vinabomoka vyote?

Vingi, juu. Vinavyozama chini vinabomolewa na bakteria wanaomaliza oksijeni, na Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, maji ya juu na ya chini yakichanganyika kwa shida. Chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni kabisa. Virutubisho vilivyofunguliwa vinakaa huko mpaka pepo za kiangazi zivute sehemu yake juu. Dagaa unayemla amejengwa kwa sehemu na mabaki ya viumbe hao waliozama.

Je, dagaa huleta gauti, ule ugonjwa wa viungo?

DNA ikibomolewa, baadhi ya shanga zake, ziitwazo purini, huishia kuwa asidi ya mkojo. Dagaa huliwa mzima na viungo vyake vyote, hivyo purini yake ni nyingi. Mwenye figo nzuri anaitoa. Mwenye gauti tayari apunguze, amsikilize daktari wake.

Mate ya nani yana nguvu zaidi?

Wanafunzi hushindana, na kweli hawatoki sare. Jeni ya amilesi ya mate, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kuitengeneza, huja kwa nakala nyingi au chache kutoka mtu hadi mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha jamii zinazokula wanga kwa wingi na zinazokula kidogo, na mbili zilikuwa za hapahapa Tanzania: Wahadzabe wachimba mizizi, na Wadatoga wafugaji. Kwa wastani, jamii za wanga zilikuwa na nakala nyingi zaidi.

Mwaka jana aliyeshinda darasani alikuwa binti mdogo kuliko wote, kizibo chake kilisafika kabla sijamaliza kuandika majina ubaoni. Yule kijana wa "mate yamezeeka" sasa ana mtoto wa darasa la tano. Ameniambia atamleta, nihakikishe tu uji umepoa.